Mvua ya Uongo Mutuini

Jumatatu, 10 Machi
Kipimamvua ambacho ofisi yetu ya hali ya hewa iliweka uani kwangu kimetuma taarifa ya mvua tena. Milimita tisa, alfajiri. Nguo zangu kwenye kamba zimekauka kau. Ofisini mjini meneja anachekelea: mvua imeanza Mutuini. Nimemwomba asubiri. Hakusubiri. Wakulima wametumiwa meseji wapande.

Jumatano, 12 Machi
Nimefungua kipimamvua. Harufu ikanipiga usoni. Mkojo. Mtu anakojoa humo! Nimenawa na kunawa, mikono bado inanuka. Ni Kevo, mpangaji wetu wa chumba cha mwisho. Bodaboda, mlevi. Nani mwingine?

Ijumaa, 14 Machi
Kevo amekana. "Mama Shiro, mimi huenda choo kama watu." Nimemwita nguruwe mbele ya wapangaji wote. Mume wangu kamfukuza. Ameondoka na godoro limefungwa kwenye pikipiki.
Jirani yetu, Mama Njeri, amepanda maharagwe yote. "Si ni nyinyi mlisema?" Shamba ni vumbi tupu.

Jumatatu, 17 Machi
Milimita saba. Kevo hayupo.

Jumanne, 18 Machi
Nimesimama dirishani jikoni, kunapambazuka. Baba mkwe katoka chumbani kwake mbiombio, hatua fupi fupi, ameshika suruali. Choo kiko mwisho wa ploti. Hakufika. Akakojoa ndani ya kipimamvua.
Mzee wa kanisa. Nimegeuza uso. Kinyaa kikanijaa, kwake kwanza. Halafu nikamkumbuka Kevo, nikajichukia.
Mimi siwezi kumwambia. Mkwe hasemi mambo hayo. Nimemwambia mume wangu. Alikaa kitandani.
"Baba halali vizuri tangu Krismasi, kila mara anaamka kwenda haja," akasema. "Nilidhani ni uzee."

Alhamisi, 20 Machi
Nimemweleza meneja. Amecheka hadi machozi. Takwimu atazifuta, lakini wakulima wasiambiwe. "Tutachekwa." Nimeangalia meno yake nikaona kinyaa kilekile cha siku nilipofungua kipimamvua.
Jioni nimeenda kwa Mama Njeri, nikamwambia mwenyewe kwamba tulikosea. Hakunikaribisha ndani.
Kevo hapokei simu. Nimemwandikia: nisamehe. Ameisoma.

Jumamosi, 22 Machi
Kliniki, Dagoretti. Mume wangu yuko kazini, kwa hivyo nimempeleka mimi. Baba mkwe amevaa tai.
Daktari amemuuliza shida ilianza lini. Mzee akanitazama, kisha akatazama viatu vyake.
Nimetoka nje, nikafunga mlango, apate kusema.