Waliponishika Kaburini Kwako

Kaka Deo,

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitakusema, maana nina hasira na wewe tangu Jumanne ile ulipoanguka.

Miezi saba ulinitesa kwa ajili ya goti nililovunja kwenye pikipiki. Mchana ulinyoosha viungo vya watu hospitalini, jioni ukaja nyumbani Itetemia kuninyoosha mimi. Kwanza nisimame mguu mmoja sakafuni. Nikazoea, ukaleta godoro lililokunjwa. Nikazoea, ukasema nifumbe macho. Kisha gunia la pumba za mpunga, kisha ndoo nusu kichwani, kisha nitaje stesheni za reli, Malongwe, Nyahua, Goweko, Igalula, hadi Tabora, na maji yasimwagike. Nikilia, unacheka: "Umezoea? Basi tunaongeza." Lakini nikitaka kuruka hatua, hapo hunicheki tena.

Na wewe je? Dawa za presha uliziacha kwa sababu ulijisikia mzima. Nimezikuta kwenye koti lako, pakiti haijafunguliwa. Mtaalamu mzima wa hospitali. Hukuniambia hata mimi.

Siku ya mazishi nilitaka kukutupia udongo kwa mkono wangu. Udongo ulikuwa mbichi, unatitia miguuni, kazi ile ile uliyonifundisha. Shangazi akanidaka kwapa la kulia, shemeji la kushoto, "Taratibu, goti lake hilo." Wakanirudisha kwenye kiti cha plastiki, na mtu mwingine akatupa udongo kwa niaba yangu. Nikakaa hapo kwa sababu mchungaji alikuwa anatutazama. Wao nimeshindwa kuwasamehe, na mimi mwenyewe nimeshindwa kujisamehe.

Gunia lako bado liko mlangoni. Nimeendelea peke yangu. Jana nilipita juu ya matuta ya viazi na ndoo iliyojaa, nikataja stesheni zote, halikudondoka tone. Nikasubiri useme tunaongeza. Nikasema mwenyewe. Unaona ulichonifanyia?

Jumamosi wanakujengea kaburi la saruji, na fundi atahitaji maji. Nitayabeba mimi kichwani, ndoo kwa ndoo, kutoka bombani hadi juu ya udongo wako. Shangazi nimeshamwambia kile kiti cha plastiki akikalie yeye.

Pumzika, kaka. Nakuahidi sitaruka hatua. Na atakayenishika mkono siku hiyo, nitammwagia ndoo nzima.

Mdogo wako,
Agnesi