Nani Anamharibu Masele?

Jumatano jioni, Mkuyuni. Mvua imekatika, jua limerudi kwa kiherehere, na mimi simwamini mtu.

Kwa msionijua: naitwa Maduhu, niliishia kidato cha pili. Akili hazikuniishia, shule ndiyo ilinichoka. Nyuma ya nyumba ya dada yangu Kabula nayeyusha betri mbovu za magari, natoa risasi, ile metali laini ya kijivu, namimina kwenye kalibu za udongo nilizotengeneza mwenyewe. Vinatoka vizito vya kuzamishia nyavu. Waulize wavuvi wa huku, vizito vyangu havina mpinzani.

Sasa kuna Masele, mtoto wa dada, miaka minne na nusu. Mwaka jana alikuwa anahesabu hadi kumi, kwa Kiswahili na Kisukuma, na ukikosea anakusahihisha. Siku hizi akifika tatu anaangalia pembeni. Analia hovyo, tumbo linamuuma, na neno alilolijua jana leo hana.

Kuna mtu anatuharibia mtoto.

Nilianza na mwalimu wa chekechea. Nilijibanza dirishani asubuhi nzima. Watoto wamejaa kama dagaa kwenye kichanja, lakini yule mama anawaimbisha na kumwita kila mmoja kwa jina. Akaniona. "We kaka, ingia tu ukae, hata wewe bado hujachelewa!" Darasa zima likacheka. Nikamfuta kwenye orodha yangu, shingo upande.

Nikahamia kwa jirani na televisheni yake inayopiga kelele kutwa. Kumbe Masele haendi kule. Akitoka shule anashinda na mimi. Nikiwa kazini nampa simu atulie, na kuna siku hatuongei hata sentensi tatu.

Hapo nikaona bora nimshuku mtu mwingine.

Leo ikawa zamu ya nesi. Dada alikuwa sokoni anauza mchele, kwa hiyo mtoto nilimpeleka kliniki mimi. Nesi akamwekea vizibo vya soda apange rangi kwa rangi. Masele akavishika tu.

"Mchana nani anaongea naye?"

"Mimi, nesi. Mimi ni muongeaji sana."

"Naona. Na nyumbani unafanya kazi gani?"

Kazi yangu inamhusu nini, yeye mgambo? "Nashona nyavu," nikasema.

Masele akaingiza mkono mfukoni, akatoa kizito, akakitia mdomoni kama pipi.

Nikampokonya. "Kijiwe tu hiki."

Nesi akaandika kitu kwenye kadi ya mtoto. "Mrudishe kesho, tumtume hospitali apimwe damu. Na ukikumbuka jambo lolote, mdogo wangu, uniambie. Mimi sikamati mtu."

Njia nzima nilikuwa nawaza maziwa. Fundi aliyenifundisha kazi hii kule Magu aliniambia, ukimaliza kuyeyusha kunywa maziwa. Nakunywa kila siku. Wala sijui kama yanasaidia. Lakini kama ule moshi hauna neno, maziwa ya nini? Na kama una neno, huyu anayekaa miguuni pangu kutwa, anayepanga vizito na kuvinyonya, nilimfikiria lini?

Sikumfikiria.

Dada aliporudi nikamwambia habari ya kupimwa damu. Akakaa kwenye ndoo. "Ni mimi, Maduhu. Namwacha mno. Mama gani anashinda sokoni?"

Nilimwacha aseme. Naandika hivi nikiona aibu: kwa dakika nzima nilifurahi kwamba amepata wa kumlaumu, na siyo mimi.

Alipoanza kulia ndipo nikafungua mdomo. Risasi, moshi, simu, uongo niliompa nesi. Nilisubiri anitukane, maana kwa matusi dada yangu ni fundi. Hakunitukana. Alichota maji, akachukua sabuni ya kufulia, akaanza kumnawisha Masele mikono, kidole kimoja kimoja, bila kuniangalia.

"Atarudi alivyokuwa?" akaniuliza.

Mimi mjuaji wa kila kitu hapa mtaani, nikainama nikamshikia kopo la maji.

Moto nimeuzima, na betri hazirudi tena uani. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki, nimempakata, na nitaongea kabla nesi hajaniuliza.