Kunde za Kang'ata Tulizozila Msibani

Wifi yangu Mwanahawa,

Usikasirike kabla sijamaliza. Huko uliko huna pa kukimbilia, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ulipokuwa hai lilikushinda.

Anayeshika kalamu ni Zaina, binti yako. Mimi shule niliipita kwa nje nikienda kuchota maji, unajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ameshalia mara mbili, ya kwanza kwa kuandika jina lako tu. Nikamwambia alie pembeni, asiloweshe karatasi.

Nianze na mazuri. Bustani yetu ipo. Wale waliotucheka kwamba wanawake wazima wa Korogwe mjini wanalima jalalani, sasa ndio wanaokuja asubuhi na vikapu, sauti laini, "Bibi, leo kuna mboga gani?" Nawajibu kuna za jalalani, mnataka? Wanacheka, wanachuma. Ile mipapai yako imelipita paa la ghala kuukuu la mkonge. Maganda ya viazi tunayachukua kwa muuza chipsi wa stendi, tunayaozesha shimoni na samadi ya mbuzi, na mchicha umenona mpaka una kiburi. Mama Gladness wa tuta la matembele bado anamwagilia saa sita jua la utosi. Bado namsema. Bado hasikii.

Haya. Sasa kosa langu.

Tulikula mbegu zako, wifi.

Siku ya pili ya msiba watu walikuwa wamejaa, mboga ikatuishia. Nikaingia chumbani kwako, nikaikuta ndoo ya kunde chini ya kitanda, zimepakwa majivu. Mimi, mwanamke niliyezeeka na jembe mkononi, nikayaona yale majivu na bado sikujiuliza nani anapaka majivu kunde za kula. Akili ilikuwa imeondoka na wewe. Nikaziosha, nikazichemsha, nikazitia nazi. Watu wakasifia! Shehe akaongeza sahani. Nilipokuwa nakwangua sufuria ndipo nikajua nimefanya nini. Nikakaa chini palepale jikoni nikapiga ukunga. Wakaja kunishika mabega, pole mama, pole, kazi ya Mungu. Walidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nakulilia, ndiyo. Lakini nusu ilikuwa kunde.

Kunde za kijijini Kang'ata hizo. Mama mkwe wangu alikufungia kwenye kanga ulipoolewa, ukazipanda kila ulipohamia. Kiangazi mboga zote zinapojikunja, zenyewe ziko chini zinatambaa, kijani. Mwaka ule mvua ilipotugomea, mtaa mzima ulichuma majani yake. Na mimi nikazimaliza kwa mlo mmoja.

Duniani zilikuwa zimebaki zile za kibuyu kidogo ulichotundika juu ya jiko. Nacho kilikuwa kimeondoka tangu siku ya maziko, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Unamkumbuka mtani wetu Maganga wa Mnyuzi, Mnyamwezi yule ambaye baba yake alikuja kukata mkonge. Sisi Wazigua na wao ni watani, na msibani mtani hana adabu. Basi alikuja, akakiangua kibuyu chako, akakivaa shingoni, akatembea uwanjani mkono kiunoni kama wewe unapoenda kugombana na mtu. Watu walicheka huku wanalia. Alichokuwa anangoja ni sisi wenye msiba tukikomboe, hata kwa kuku, kama desturi. Mimi nilikuwa na hasira na dunia nzima siku ile. Nikamwambia, "Ondoka nacho! Ufe nacho!" Akanitazama. Akaondoka nacho kweli.

Mvua ilipokaribia, tuta lako likawa tupu. Nikapanda kunde za sokoni. Zikaota vizuri, zikavamiwa na wadudu weusi mpaka zikaonekana zimemwagiwa masizi. Zaina alisimama pale kwenye tuta, hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningemjibu.

Nikakamata jogoo wangu mwekundu, yule uliyekuwa ukimwita mume wangu wa pili. Nikapanda gari la Mnyuzi. Njia nzima jogoo analalamika na mimi najiuliza. Je, kama ameshazila? Je, kama kibuyu amekitupa?

Maganga nilimkuta kwenye baraza lake. Hakuinuka.

"Nani huyu? Si ulisema nife nacho? Mbona sijafa?"

Nikamwambia naona hata kifo kimekukataa, mtani. Nyinyi mlikuja kukata mkonge mkasahau njia ya kurudi, na kuzimu nako mmeisahau njia?

"Na nyinyi Wazigua mnazika mtu halafu mnakula na mbegu zake." Kumbe habari ilishafika! "Niamkie kwanza."

Wifi, mimi na yule mzee ni wa rika moja. Majirani zake wamejaa wanatazama. Nikakiweka kiburi chini pamoja na jogoo. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu." Wakaangua kicheko mpaka jogoo akakata kamba. Tukamkimbiza wote, wazee wazima, na aliyemkamata ni mimi.

Ndipo akanipeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa amezipanda zote. Zimetambaa uwanja mzima mpaka kwenye choo, na kibuyu kimejaa mbegu mpya, kimezibwa kwa gunzi. Akasema, sasa bila utani, "Nilijua utakuja. Nikaona ukichelewa zitaharibika, nikazipanda." Nikamshika mkono. Mimi!

Sasa zimeota kwenye tuta lako, majani mapana, hakuna mdudu. Kwa kuwa nakijua kichwa changu, sikuziweka zote sehemu moja. Nimegawa viganja viganja: Zaina, Mama Gladness, mke wa mchungaji, hata yule mama wa kona uliyenuniana naye mpaka kufa kwako. Nisamehe kwa huyo, lakini ardhi yake ni nzuri. Sasa nikipatwa na wazimu tena nikapika zangu, za wenzangu zitakuwepo.

Nimekukumbuka, wifi. Hakuna wa kunisema siku hizi, wote wananiheshimu, inachosha.

Lala salama. Nakuahidi hivi: Ijumaa nakuja kaburini, na maua sileti, ulikuwa ukisema hayaliwi. Naleta kijembe na mbegu, nizipande hapo pembeni yako zitambae. Na atakayeniambia makaburini si shambani, huyo niachie mimi.

Wifi yako,
Mama Hiza