Harusi Iliyofungwa kwa Simu Moja

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimefagia. Chai ya rangi, mkate wa boflo wa jana. Vyumba vitatu, mtu mmoja. Kikombe cha Nasra bado kiko msumarini tangu aende Maskati.

Leo kaleta video ya harusi yake. Mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi. Walii wake mimi, ila pasipoti yangu ilichelewa, nikampa uwakala shekhe wa huko kwa simu. Mtu mwengine kamuozesha mwanangu. Inaniuma.

Ujumbe wake: "Ami, imefungwa. Inafunguka kwenye simu yako tu. Usihangaike nayo."

Ananambia mimi! Niliyenakili kanda za kisiwa kizima pale Darajani!

Nimetazama mwanzo tu. Mlango, maua, viatu tele. Nikasimamisha. Harusi haitazamwi na mtu mmoja. Nshawaambia wa barazani waje Jumatatu, televisheni ninayo.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimechomeka waya wa televisheni. Kiza. Nikabadilisha waya. Kiza. Nikairekodi skrini ya simu, ikatoka nyeusi tii. Nikalihamishia faili kwenye kompyuta. Lipo, zito, halifunguki.

Nasra kaniletea maelezo ya mpiga picha. Video imefumbwa kwa namba za siri. Ufunguo wake ulishuka mtandaoni mara moja tu, umekaa ndani ya simu yangu, hautoki. Na televisheni yangu kuukuu simu haiiamini, ndiyo maana inainyima picha.

Haiiamini! Televisheni yangu!

Barazani nikasema picha inasumbua kidogo. Rafiki yangu Khatibu akadaka: "Fundi, kesho tuje na macho au masikio yatatosha?" Wakacheka. Nikawapa kile kisa cha kanda iliyozama bahari ya Mkokotoni siku tatu, nikaikausha kwa moshi wa makonyo, vile vijiti vya karafuu, ikaimba kuliko mwanzo. Hakuna aliyebisha. Hata kubisha wameacha.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefanya ujinga. Nilidhani nikiifuta simu yote, iwe kama ilivyotoka dukani, kufuli litafutika nalo, na faili nshaliweka kando. Kufuli halikufutika. Kilichofutika ni ufunguo. Sasa sina hata ule mwanzo.

Baada ya Isha wakaja, wote wanane. Halua nshanunua. Nikasema umeme una hitilafu. Taa inawaka juu ya vichwa vyao.

Khatibu akaitazama taa, akaitazama halua. "Basi tule gizani."

Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 7 Oktoba
Sikutoka.

Jumatano, 8 Oktoba
Nasra kapiga.

"Ami, umefika pale nilipofunuliwa shela?"

Nikakohoa.

"Mwishoni. Kichwa wazi, asumini mpaka mgongoni. Nimetazama kamera kama nakutazama wewe, nna maneno ya kukwambia pale. Ndo maana nikataka ifungwe, Ami. Wanawake wengine wametolewa, niko wazi mimi tu. Mpiga picha kaniuliza, katika wanaume nani apewe? Nikamwambia Ami peke yake."

Nikakaa chini. Wanaume wanane nimewaalika. Ningemfunua mwanangu mbele ya baraza nzima, halua mkononi. Lile kufuli lilisimama mlangoni, mahali pa walii. Walii mwenyewe yuko nje anasukuma.

Nikamwambia nimeipoteza, na nilivyoipoteza. Wanane nikawataja. Sikutia chumvi.

Akasema: "Ntamuomba mpiga picha ufunguo mwengine. Sijui kama atakubali."

Alhamisi, 9 Oktoba
Simu kimya. Nimeitazama zaidi ya nilivyopata kuitazama televisheni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baada ya sala Khatibu akauliza, harusi vipi? Nikasema Alhamdulillahi. Akangoja nyongeza. Sina. Akasogea, akanipa nafasi nikakaa.

Alasiri ufunguo umefika. Nasra kaandika neno moja tu: "Ami."

Nimefunga dirisha la njiani. Nimeteremsha pazia. Nimekitoa kikombe chake msumarini, nikakisuuza, nikamimina chai. Mlangoni viatu vyangu tu.

Nimebonyeza.