Wifi, Matumbawe Hayaoshwi kwa Javeli

Wifi Imakulata,

Watu wakiandikiana huulizana hali kwanza. Ya kwako siiulizi, mdogo wako Faustin ameshanipa habari zako zote: uko Rubavu, mzima, na sanduku umeshalifunga. Jana mezani, huku macho yake yakiwa kwenye sahani, alinitamkia kwamba unakuja kukaa nasi mtoto akizaliwa, uwe unamwogesha. Wewe umependekeza, yeye amekubali, na mimi mwenye tumbo nimepewa taarifa kama jirani anayearifiwa kuna harusi. Ndiyo maana nakujibu mwenyewe. Barua hii naiweka kwenye kundi la familia, waisome wote, na mama mkwe asomewe.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Kabeza, hapa Kigali? Ulikuwa umepata kazi Kacyiru na hukuwa na pa kufikia. Nilikupokea kwa wali wa nazi na chumba chenye shuka mpya. Ulipita moja kwa moja hadi kwenye tangi langu la samaki, ukainama, pua ikagusa kioo. Ukasema, "Yewe, wifi! Bahari iko kwa salon?" Salon, yaani sebuleni. Nikacheka hadi nikashika ukuta. Siku ile nilikupenda. Nalisema hili ili ujue kwamba chuki niliyo nayo sikuzaliwa nayo, nimeifanyia kazi.

Nilikuonyesha kila kitu. Wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Yule kamba mwekundu mwenye masharubu marefu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapitia samaki mwilini na kuwatoa uchafu, nao wanasimama wametulia kama wako kwa kinyozi. Matumbawe yaliyofunguka asubuhi taa ikiwaka na kujikunja jioni ikizimwa. Nilikueleza kwamba yale mawe hayakuwa mapambo, ndiyo yaliyokuwa na uhai wenyewe, vijidudu visivyoonekana vinavyokula sumu ya mavi ya samaki. Ukiviua hivyo umewaua wote. Nilikwambia maji ya bomba hayaingii humo, na chumvi yake ni ya pakiti maalumu, inakorogwa kwenye ndoo na kupimwa kwa kipimo. Usione vyaelea, wifi, vimeundwa.

Na hukuwa mwanafunzi mbaya. Jioni ile ya mvua umeme ulipokatika, pampu ikanyamaza, ni wewe uliyekaa nami sakafuni, tunachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena humohumo ili samaki wapate hewa. Mkono wangu ukichoka unapokea wewe. Ulinisimulia mlivyokulia Karagwe, ulivyombeba Faustin mgongoni ukienda kuchota maji, na jinsi alivyokuwa akilala na kukulowesha. Umeme uliporudi hukutaka kuinuka. Nilidhani nimepata dada.

Basi wahenga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hukungoja kupewa, ulijichukulia. Ulianza na mapazia yangu. Ukaja kwenye sufuria, ukazisugua hadi zikapoteza alama za kiwandani. Viatu vya Faustin ukavipanga kwa rangi. Kila nikifungua mdomo, "Isuku, wifi. Huku Kigali ni isuku." Kana kwamba Tanga nilikotoka tunalala zizini! Usafi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni mtu anayesafisha kwa macho ya kumhukumu mwenye nyumba. Ulikuwa ukipitisha kidole kwenye kioo cha tangi, kisha unakinusa, kisha unanitazama mimi.

Halafu ikaja Jumapili ile uliyowaalika wenzako wa kwaya. Mmoja aliuliza lile tangi ni la nani. Ukajibu kabla yangu, sauti juu, kijiko mkononi: "Ni la wifi. Wenzake wanalea watoto, yeye analea samaki." Wakacheka. Faustin naye alitabasamu kidogo, na hilo nimemhesabia pia. Ningeweza kusema hukujua. Lakini ulijua kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu wiki chache tu kabla ya hapo mimba yangu ilikuwa imeharibika, na shuka zile ulizifua wewe, kwa mikono yako, ukazianika uani mwenyewe ili nisizione. Ulizifua kimya, ukaja kuniwekea chai kitandani. Halafu ukanitangaza mbele ya kwaya.

Nilikwenda jikoni nikakata matunda.

Sasa tuje kwenye Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mtaa. Mimi na Faustin tulikuwa kwenye mfereji wa mtaa na majembe, wewe uliaga mapema ukasema unakwenda kupika. Mkutano wa baada ya kazi ukarefuka. Nilipofungua mlango nikapokewa na harufu ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na nikajua kabla sijafika sebuleni. Mawe yalikuwa meupe kama mifupa. Ile rangi ya zambarau iliyojipaka juu yake, ambayo niliingoja tangu nianze, uliiita ukungu na kuisugua kwa brashi ya chooni. Ilikuwa mpya, ulinihakikishia baadaye, kana kwamba hilo ndilo lililonitia uchungu. Samaki walikuwa wanahema juu ya maji. Kamba alikuwa ubavuni. Matumbawe yalikuwa yamegeuka ute.

"Ilikuwa inanuka, wifi," ulisema. "Mawe yote iko na ukungu. Mimi nimesafisha tu."

Nilipiga kelele nisizojijua. Faustin akasimama katikati yetu na tope lake la mfereji, akatoa hekima yake yote: "Ni samaki tu." Hadi kesho yake hapakubaki kitu hai ndani ya tangi lile. Na wewe, hata "mbabarira" ya kinafiki, ile "nisamehe" ya kwenu, haikukutoka. Ulifunga virago ukapata uhamisho wa Rubavu, na kwa ndugu zako ukanisemea kwamba mke wa Faustin amekufukuza kwa ajili ya dagaa. Dagaa, Imakulata! Hata jina lao hukuwapa.

Jina lako lenyewe, padri aliwahi kutufafanulia, maana yake ni asiye na doa. Mimi ninayo madoa yako ukitaka kuyaona.

Nilipomwambia Faustin jana kwamba mikono iliyoosha matumbawe yangu haitamwosha mwanangu, alinieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kwamba alipokimbilia jikoni kutafuta ndoo siku ile, alikuta vikombe viwili mezani. Kimoja kilikuwa na maji ya zamani ya tangi, kingine maji mapya ya bomba uliyotia chumvi ya jikoni. Ulimwambia umekuwa ukionja kimoja, unaonja kingine, unaongeza chumvi, unaonja tena, mpaka ladha zilipolingana. Kama mchuzi. Ulikuwa umeyanywa maji ya mavi ya samaki, wifi, kijiko baada ya kijiko, usije ukawakosea. Na ulikuwa unalia, anasema, kwa sababu ulihesabu kwamba yamelingana kabisa na bado samaki wanakufa.

Nilikaa na habari hiyo hadi chakula kikapoa. Nilikuwa nimekujenga kichwani kama muuaji, na ulinifaa sana ukiwa muuaji. Sasa naletewa mwanamke aliyeinamia meza jikoni kwangu anaonja bahari kwa kijiko. Nilikasirika upya, nikamkasirikia na Faustin kwa kukaa na jambo hilo muda wote huo akidhani anatunza amani. Kisha, sikufichi, nilicheka. Peke yangu, bafuni, tumbo likitikisika.

Basi samaki nimekusamehe. Kamba nimekusamehe, na matumbawe, na yale mawe. Nilikueleza lakini hukuelewa, na ulijaribu kwa ulimi wako mwenyewe. Hilo sikudai tena mbele ya Mungu wala mbele ya kundi hili.

Lakini ile kauli ya Jumapili hukuikosea kwa kutojua. Maji uliyaonja kabla ya kuyamimina, maneno uliyamwaga bila kuonja. Ulikuwa umezishika shuka zangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe hukujikwaa hata kidogo, ulipiga hatua imara. Tangu mimba hii ianze, kila mtoto anapocheza tumboni nafurahi, halafu nakusikia. Nafua kanzu zake ndogo, nakusikia. Nimechoka kukubeba, nina mzigo mwingine wa kubeba.

Kwa hiyo, fungua sanduku lako, urudishe nguo kabatini. Huji. Mama yangu anatoka Tanga, ndiye atakayemwogesha mtoto. Faustin ananuna, na atanuna hadi achoke, ni mume wangu na namjua.

Na usijibu kwa kupitia kwake. Umekuwa ukiiendesha nyumba hii kwa kupitia masikio ya mdogo wako, na wote wawili mmejizoesha kwamba mimi ni mlango tu wa kuingilia kwake. Namba yangu unayo. Siku utakayokuwa tayari kuyataja yale maneno kwa kinywa chako, kama yalivyokuwa, bila "nilitania" na bila "wewe nawe", nipigie mimi. Kisha uniombe kumwona mtoto. Niombe mimi, mama yake.

Nitapokea simu. Jibu nitakalokupa bado silijui.

Mimi,
wifi yako, mama mtarajiwa wa mtoto wa mdogo wako