Seva Iliyopumzika Sabato

Jumatano, 11 Machi 1998
Seva, kompyuta kuu ya chuo, imeamka, mimi bado. Pakeji ya programu ya barua pepe imekataa tena. Inataka pakeji nyingine itangulie. Nimeweka hiyo, nayo ikadai zingine mbili. Ni kama kumwalika shemeji kutoka Ndhiwa: haji peke yake.

Mkuu wa chuo amechungulia. Wafadhili wanakuja Jumatatu, anataka kutuma barua pepe mbele ya macho yao. Ikigoma, miezi yangu ya majaribio imeishia hapo, narudi Migori kupima mchele dukani kwa shangazi. Sitaki. Nasema tena, sitaki.

Alhamisi, 12 Machi
CD imefika kutoka Nairobi. Ukoo mzima wa pakeji umo ndani. Nimeandika amri, skrini ikajaa majina. Mkuu amesimama nyuma yangu: "Atieno, hawa wote ni wa nini?" Nikamwambia, ni ndugu za ile moja. Ameelewa upesi. Nyumba yake ina wapwa kila chumba.

Ijumaa, 13 Machi
Nimeanza kuziweka mchana. CD inasoma polepole, lakini inasoma. Jioni kazi ilikuwa katikati, nikaenda msalani. Nimerudi, skrini nyeusi. Kimya.

Mkuu ni Msabato wa Kendu Bay, wa kuzaliwa. Kila Ijumaa kabla jua halijatua huzunguka chuo akizima kila kitu, hata redio ya soja wa getini. Nimemwona tangu nije. Hesabu ya pakeji niliipiga, ya jua sikuipiga. Mjinga mimi!

Nikamwambia seva ilikuwa katikati ya kazi. "Atieno, sote tulikuwa katikati ya kazi." Akafunga mlango, ufunguo mfukoni, akanitakia Sabato njema. Nilitaka kulia. Nimelia.

Jumamosi, 14 Machi
Nimefuata ufunguo hadi kanisani kwao. Mimi Mkatoliki, nimekaa nyuma ibada nzima nikitazama mfuko wa koti la Mkuu. Ng'o, hakutoa. Mkewe amenipa maharagwe yaliyopikwa jana. Matamu. Hasira iko palepale.

Jumapili, 15 Machi
Ufunguo nimepata, misa nimekosa. Kwa kuwa ilizimwa ghafla, seva ilikagua diski yake taratibu, nikasali rozari palepale kwenye kiti. Ikawaka. Barua pepe, haki, imekufa. Nusu ya pakeji zimefunguliwa, hazijapangwa.

Nilikuwa karibu kufuta kila kitu nianze upya. Kwanza nikajaribu amri moja: dpkg --configure -a. Yaani, zote zilizoachwa njiani zimaliziwe. Mstari baada ya mstari, zikajipanga! Zilizobaki nikazitoa kwenye CD. Barua ya majaribio imeenda. Nimerukaruka hadi soja akaja kuona kuna nini.

Jumatatu, 16 Machi
Wageni wamefika. Barua imeenda, jibu limerudi chai ikiwa bado moto. Mkuu akasimama akawaambia mashine ilikuwa mgonjwa, ikapumzika Sabato, ikapona. Makofi. Nikafungua mdomo nieleze. Barua yangu ya ajira ilikuwa mkononi mwake, bado haijatiwa sahihi.

Nikapiga makofi na mimi.

Ijumaa, 20 Machi
Kazi ni yangu. Kuna pakeji mbili mpya za kuweka. Zingoje. Jua likiwa bado juu ya ziwa nimeizima seva mwenyewe, kwa amri, taratibu. Mkuu amefika mlangoni, mkono tayari, hana cha kuzima. Amesimama tu pale. Nimemhurumia.

Nikamwachia taa aizime.