Jiwe Lililoingia Ndilo Lililotoka

Baba,

Duka liko wazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Leo nimefungua saa mbili, nimefagia, nimewasha taa ya mezani na kuketi kwenye kiti chako. Ami Twahir alipita, akasimama mlangoni akinitazama. Nilimwamkia. Akaitikia kwa shingo upande, akaenda zake.

Ndugu yako huyo alitaka kuuza vyombo vyako siku ya pili baada ya arobaini. Alisema hapa mtaani Kuze hapajawahi kuwa na mwanamke sonara, na kwamba jina la duka limeshaoza, bora tuuze kabla hatujakosa mnunuzi. Limeoza! Alisema hivyo ukumbini mwako, mkononi ana kikombe cha kahawa ya Mama. Nikamwambia, "Ami, kwa heshima zako zote, hata koleo moja la babangu halitoki humu." Mama alilia. Mimi sikulia. Hasira ilikuwa imekausha kila kitu.

Nataka nikuandikie mambo yote kwa mpango wake, hata unayoyajua, kwa sababu kuna mengi yaliyotokea ambayo hukuyaona.

Unaikumbuka siku Bi Zuhura alipoleta pete aliyopewa na mwanawe Nassir aliporudi kutoka Uarabuni. Ilikuwa inambana kidole, akataka ipanuliwe. Ulitia kioo chako cha kukuzia jichoni, kisha ukaniita: "Rukiya, ndoo utazame." Nilitazama. Almasi ya manjano, manjano ya samli, na ndani yake vidoa vitatu vyeusi: kimoja kirefu kama punje ya mchele, viwili kama ufuta. Uliniambia kwa sauti ya chini, "Hii ni almasi. Lakini ilizaliwa kwa haraka."

Sikukuelewa. Miaka tisa nilikuwa nimekaa kwenye meza yako, tangu nilipomaliza shule, na sikuwahi kukusikia ukisema hivyo juu ya jiwe. Nilikuuliza kama utamwambia mwenyewe. Ukasema, "Hakuniuliza. Ameleta pete ipanuliwe." Ukalichora jiwe katika daftari lako kama ulivyochora kila jiwe lililoingia, vidoa na vyote, na Bi Zuhura akatia sahihi chini ya mchoro bila hata kuutazama.

Miezi miwili baadaye Nassir akaipeleka pete Nairobi ikakadiriwe. Huko wakamwambia jiwe halikuchimbwa, limetengenezwa kwa mashine. Akarudi moja kwa moja hadi barazani kwetu, baada ya Alasiri, watu wamejaa. "Sonara huyu ni mwizi! Amechukua jiwe la mamangu akaweka la kiwandani!" Nilikuwa ndani, nikakusikia ukijibu bila kupandisha sauti: "Jiwe lililoingia ndilo lililotoka." Basi.

Hapo ndipo nilipokukasirikia, Baba, na nitakwambia hata kama wewe ni maiti na mimi ni mwanao. Daftari lilikuwa mtotoni mwa meza, hatua tano kutoka barazani. Nilikushika mkono nikakusihi uwaonyeshe. Ukasema siri ya mteja ni amana, haitandazwi barazani. Bi Zuhura ndiye mwenye haki ya kuiona. Ukaenda kwake mara mbili, na mara zote mbili Nassir akakufungulia mlango nusu akisema mamake hajiwezi. Wewe ukarudi polepole ukishika kuta. Maharusi waliokuwa wametuagiza bangili wakakumbuka ghafla kwamba wana masonara wengine. Imamu peke yake ndiye aliyeendelea kukusalimu kwa jina. Kisha ile asubuhi ukainama kufunga kiatu, na hukuinuka tena.

Daktari alisema ni moyo. Sikubishana naye. Lakini nilijua moyo huo ulikuwa umebebeshwa nini.

Baada ya kumkatalia Ami Twahir nilikwenda mtaa wa Buxton kwa Mwalimu Mutua, yule mwalimu wa fizikia kutoka Machakos uliyemtengenezea miwani mara nyingi. Nilimuuliza: almasi hutengenezwaje kwa mashine? Nilidhani atanicheka. Alitoa karatasi akaanza kuchora.

Aliniambia almasi si kitu kingine ila kaboni, ndugu wa makaa, ndugu wa ile nyeusi iliyo ndani ya penseli. Maabara huchukua punje ya almasi ndogo kama chembe ya sukari, nayo huitwa mbegu. Juu ya mbegu huweka chuma, na juu ya chuma huweka ile nyeusi ya penseli. Vyote hufungiwa ndani ya mashine inayokandamiza kwa nguvu ambayo mwalimu alishindwa kuifananisha na kitu ninachokijua, huku joto likiyeyusha chuma. Ile nyeusi huyeyukia ndani ya chuma, hushuka kidogo kidogo, hujipanga juu ya mbegu, na mbegu hukua. Baada ya siku kadhaa hufungua mashine wakatoa almasi. Si kioo, Baba, wala si bandia ya sokoni. Almasi, ngumu kama ya ardhini. Umanjano unatokana na naitrojeni, ile iliyojaa katika hewa hii tunayovuta, inayonaswa humo jiwe linapokua.

"Na vidoa vyeusi?" nikamuuliza.

"Ni chuma," akasema. "Jiwe likikua kwa kasi humeza vipande vya chuma kile kilichoyeyuka."

Nilimwambia maneno yako, kwamba jiwe lilizaliwa kwa haraka. Mwalimu Mutua aliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Babako alisoma wapi mambo haya?" Nikamjibu, "Hakuyasoma. Alitazama." Hapo ndipo nilipolia, Baba, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya mkewe aliyekuwa akichambua maharagwe. Mama yule aliacha maharagwe yake akanishika bega mpaka nikanyamaza.

Mwalimu alinipa sumaku ndogo aliyoitoa kwenye kompyuta iliyoharibika, ndogo kama ukucha lakini ina nguvu za ajabu. Alhamisi nikavaa buibui langu, nikachukua daftari, kioo chako na sumaku, nikaenda kwa Bi Zuhura. Nassir alifungua mlango nusu kama kawaida yake. Sikungoja. Nilipaza sauti: "Hodi, Bi Zuhura! Ni Rukiya binti Salim sonara!" Kutoka ndani akajibu, "Mwache apite, Nassir. Mtoto wa watu amefiwa."

Kumbe hakuwa mgonjwa siku zile. Hakuwahi kuambiwa kwamba ulikuja.

Nikamwomba pete. Jiwe lilikuwa limetolewa tangu Nairobi, limefungwa kwenye karatasi. Niliomba bakuli la maji, nikaweka kipande cha sponji kielee juu yake, nikaweka jiwe juu ya sponji. Nikasogeza sumaku pembeni, bila kugusa. Kwanza likatulia. Kisha sponji ikaanza kuja. Ilikuja polepole ikivuka bakuli zima, ikaufuata mkono wangu. Bi Zuhura akasema, "Subhanallah."

Nikampa kioo chako. Akasema mato yake hayaoni vidogo. Nikamshikia taa mpaka akaviona mwenyewe, akavihesabu kwa kidole hewani. Kimoja cha mchele. Viwili vya ufuta. Nikafungua daftari.

Nassir akaruka: "Umechora juzi hii! Nani hajui kuchora?"

Bi Zuhura alikuwa ameinamia ukurasa, akipitisha kidole chini ya mchoro. "Huu ni mkono wangu," akasema. "Nilitia sahihi siku ile ile niliyopeleka pete." Akalifunga daftari, akamgeukia mwanawe. "Nassir. Jiwe hili ulilinunua wapi, na walikwambia ni nini?"

Nassir akasema muuzaji alimwambia wazi kwamba limekuzwa kiwandani, na ndilo aliloliweza. Hakutaka mamake ajue. Alipoipeleka pete Nairobi, mamake ndiye aliyemtuma, na majibu yalipokuja, mtu wa kulaumiwa alikuwa karibu zaidi kuliko ukweli.

Alijua, Baba. Siku ile barazani alijua.

Nassir alinipa bahasha ya pesa. Sikuishika. Nikamwambia, "Ulimwita babangu mwizi mbele ya watu. Utamsafisha mbele ya watu hao hao, na kwa sauti ile ile." Akasema aibu hiyo itamuua. Nikamwambia babangu alishakufa, kwa hivyo tusizungumze habari za kufa.

Ijumaa baada ya Alasiri alikuja. Mamake alikuwa nyuma yake, na sidhani kama bila yeye angefika. Alisimama pale pale na kusema yote. Ami Twahir alikuwa ameketi kwenye baraza, nikamwona akikiweka chini kikombe chake cha kahawa. Nami nikalitoa daftari nikalifungua mbele ya wote ukurasa ule, naam, siri ya mteja. Bi Zuhura alikuwa ameniruhusu, lakini hata asingeruhusu ningeufungua. Amana yako iliwalinda wote isipokuwa wewe. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Nitakuomba radhi tutakapoonana, lakini sitajuta.

Wapo waliorudi na wapo ambao hawatarudi kamwe, maana kukubali kwamba walikosea ni kazi ngumu kuliko kuagiza bangili kwingine. Waende. Wiki iliyopita Bi Zuhura alileta lile jiwe niliweke tena kwenye pete. Aliniuliza, "Ni almasi ama si almasi?" Nikamwambia ni almasi. "Basi litie," akasema. "Kosa halikuwa la jiwe." Nililitia kwa mikono yangu, Baba, na kucha zote nne za pete zimelishika sawasawa. Ungetafuta dosari ukakosa.

Nakuaga sasa, kuna mtu mlangoni. Lala kwa amani, Mola akuangazie kaburi lako. Ahadi yangu ni hii: kila jiwe litakaloingia humu, mwenyewe ataambiwa ni nini, aulize asiulize, apende asipende. Sitamngoja mtu aulize. Nimeshamlipa mchoraji wa vibao, na kesho ataandika juu ya mlango kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: Rukiya binti Salim, Sonara.

Mwanao,
Rukiya